Mafuta ya karafuu na ya mchaichai hayatunzwi kwa namna moja

Mafuta ya karafuu, kama yanayokamuliwa kwa mvuke kule Pemba, hudumu kuliko ya mchaichai kwa sababu ya kemia yake. Kiasi cha asilimia 70 hadi 90 ni eujenoli, kemikali ya kundi la fenoli: hutoa hidrojeni yake kwa chembe huru (molekuli zisizotulia zinazoharibu nyingine) kabla hazijashambulia molekuli nyingine, na mnyororo wa kuchacha ukakatika hapo. Ndiyo nguvu yake kama antioksidanti, yaani kizuizi cha kuharibiwa na hewa.

Mchaichai hauna kinga hiyo. Umejaa sitrali, kemikali yenye harufu ya ndimu, ambayo ikikutana na hewa hugeuka asidi, na mirsini, kemikali nyingine ambayo molekuli zake hujiunga na kuwa kama utomvu. Mafuta yanakuwa mazito na harufu ya ndimu hupotea.

Kwa hiyo mafuta ya mchaichai yatie kwenye chupa ndogo za kioo cha kahawia, uzijaze karibu na shingo, uweke mahali pa baridi. Yakipungua, hamishia chupa ndogo zaidi. Hewa iliyobaki juu ndiyo adui. Kwa mafuta yote mawili, ondoa kila tone la maji kabla ya kufunga. Kwenye mchaichai litakuwa chini. Kwenye karafuu angalia juu, maana mafuta hayo ni mazito kuliko maji. Karafuu isikae kwenye chuma, itakuwa nyeusi, wala plastiki laini, itaila.

Kwa ngozi, usizidishe mililita 0.5 za karafuu katika mililita 100 za mafuta ya nazi. Zaidi ya hapo yanaweza kuwasha. Pima kwa bomba la sindano, kwani matone hayalingani.