Namna ya Kulipima Tusi Lenye Jinsia Ndani Yake

Mwaka jana madereva wa kijiwe kimoja cha bodaboda hapa Dodoma waliniomba niwasaidie kuandika katiba ya chama chao, na kazi niliyodhani ni ya siku moja ikachukua majuma matatu kwa sababu ya kifungu kimoja tu, kile cha matusi. Dereva mmoja alikuwa amemwambia mwenzake aliyekataa kupeleka abiria Msalato usiku, "Mwanamke wewe!" Aliyeambiwa alicheka. Aliyekuja juu ni mama lishe aliyekuwa akiwapakulia ugali na mlenda hatua tano kutoka hapo. Aliwageukia, mwiko ungali mkononi, akauliza: "Kaka zangu, hapa mwanamke ni nani kama si mimi? Sasa aliyetukanwa ni yeye au ni mimi?"

Hakuna aliyemjibu siku hiyo. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu yeyote anayetakiwa kuamua jambo kama hilo, awe mwenyekiti wa kikoba, kocha wa timu ya mtaa au mzazi ambaye mtoto wake amerudi na neno jipya kutoka shuleni. Swali lenyewe ni hili: je, tusi lenye jinsia ndani yake ni la kibaguzi kwa asili yake, au ubaguzi unatokana na nia ya anayelitamka?

Usianze na nia. Nia haionekani, na kila aliyetukana husema alikuwa akitania. Anza na neno, ujiulize msikilizaji anapaswa kuamini nini kwanza ndipo neno hilo limchome. Anayeitwa mjinga anachomwa kwa sababu sote tunaamini kwamba ujinga ni kasoro. Mwanamume anayeitwa mwanamke hachomwi na kitu chochote isipokuwa imani kwamba wanawake ni waoga na kwamba kufananishwa nao ni kushushwa cheo. Ukiiondoa imani hiyo, kinachobaki ni taarifa isiyo ya kweli, sawa na kumwita Mgogo Mmakonde. Kwa hiyo mama lishe alikuwa amesikia vizuri kuliko wote waliokuwapo. Dereva ndiye aliyelengwa, lakini jiwe alilorushiwa lilikuwa mama huyo.

Baada ya hapo, ligeuze neno. Kiswahili kinatusaidia katika hili kuliko lugha nyingi, kwa sababu sarufi yake haitenganishi wanawake na wanaume: "yeye" ni wa wote, na tukitaka kumdunisha mtu kwa sarufi tupu tunamwita "kijitu" au "lijitu", naye anaweza kuwa yeyote. Jinsia ikionekana ndani ya tusi la Kiswahili, basi imeingizwa na mtu kwa makusudi. Sasa tafuta neno la upande wa pili. "Mwanamume wewe!" ukimwambia mwanamume ni sifa, na hata mwanamke akiambiwa hivyo mara nyingi anasifiwa. "Malaya" likitajwa peke yake, msikilizaji humwona mwanamke, na ukimkusudia mwanamume sharti uongeze "wa kiume", kana kwamba neno halikushonwa kwa kipimo chake. Mwanamume mwenye tabia ileile huitwa kiwembe, na wako wanaolitamka jina hilo kwa tabasamu.

Tazama pia neno "fisadi". Katika Kiswahili cha zamani fisadi alikuwa mtu mpotovu, hasa mwanamume anayeharibu wanawake, lakini leo ukilitamka kila mtu anafikiria fedha za umma. Aibu ya uzinzi imemtoka mwanamume, neno lake likaenda kwenye siasa. "Malaya" nalo limekwenda huko, maana tunasikia "umalaya wa kisiasa" kwa wanaohamahama vyama, ila limekwenda na mwanamke wake mgongoni.

Tusi gumu kuliko yote ni lile la mama. Sitaliandika, kila msomaji analijua, na ni katika yale tunayoyaita matusi ya nguoni. Madereva walilitetea kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza: wanalitamka pancha ikitokea, mvua ikinyesha au timu ikifungwa, na hakuna mama anayekusudiwa. Ni kweli kwamba anayeitukana pancha hajamtukana mtu. Lakini sikiliza kitenzi chenyewe tunachokitumia: tunasema fulani "amemtukania" mwenzake mama. Kiambishi hicho kidogo cha "-i-" kinaeleza yote, kwamba mgomvi ni mwana, na mwili unaovuliwa nguo hadharani ni wa mwanamke ambaye hayupo, hajakosa na hana habari. Wapo wanaosema hii ni heshima kwa mama, kwa kuwa tusi linauma kwa sababu mama anapendwa. Nakubali nusu tu ya hoja hiyo. Baba naye anapendwa, ila jaribu kulitamka tusi hilohilo kwa kumtaja baba uone litakavyokosa makali.

Hapo ndipo ninapotenganisha mambo mawili ambayo katika ugomvi huchanganywa. Neno linaweza kuwa limebeba dharau kwa wanawake hata kama aliyelitamka hana dharau hiyo. Kijana anayelitukana tairi lake si lazima awe mwonevu wa wanawake, wala hapaswi kuhukumiwa hivyo, lakini hilo halilisafishi neno. Ukimwambia, "Neno hilo lina tatizo," atakusikiliza. Ukimwambia, "Wewe una tatizo," utakuwa umeanzisha ugomvi wa pili.

Kisha uangalie anayesema na anayesikia. Jiji hili limekusanya watu kutoka kila pembe ya nchi, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na maneno nayo yamehamia. Mwanamke aliyekulia pwani humwita rafiki yake "shoga" katikati ya Soko la Majengo bila ubaya wowote, ilhali kijana wa bara akilisikia anaona ni tusi zito la kumvunjia mwanamume heshima. Watani nao hutukanana mpaka msibani na hakuna anayeshtaki. Usilipime tusi la watani kwa kipimo cha wasiojuana, ila hakikisha kwamba utani upo kweli, kwa maana mtani ana haki ya kujibu. Bosi anayemwita karani wake "jimama" hana utani naye.

Yapo pia maneno ambayo waliotukanwa huyachukua wenyewe. Mjini Toronto, Kanada, mwaka 2011, askari polisi aliwaambia wanafunzi wa chuo kikuu kwamba wanawake wasivae kimalaya ili wasifanyiwe ukatili, na wanawake wakaandamana wakiwa na neno hilohilo kwenye mabango yao. Mwaka huohuo wanawake weusi wa Marekani wakawaandikia barua ya wazi wakisema kwamba wao, kwa historia yao, hawana nafasi ya kulichezea neno hilo. Hata kwa waliotukanwa, basi, neno moja halina uzito mmoja, na wewe usiyekuwa mmoja wao huwezi kuwaamulia.

Usitegemee sheria ikufanyie kazi hii. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinakataza lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani. Kinaangalia hatari ya ugomvi, bila kujali jinsia iliyomo ndani ya neno. Ibara ya 13 ya Katiba ya nchi inataja jinsia katika maana ya ubaguzi, lakini haikuandikwa kwa ajili ya maneno ya kijiweni.

Ukiandika kanuni, usiorodheshe maneno mengi, kwa sababu vijana watabuni mengine kabla wino haujakauka. Taja kitendo. Sisi tuliandika hivi: "Atakayemtukania mwenzake mama, au atakayetumia jina la mwanamke kuwa dharau, atalipa shilingi 2,000 na ataeleza kosa la mwenzake kwa maneno mengine." Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Mtu akilazimishwa kusema "umenichukulia abiria wangu wakati zamu haikuwa yako", ugomvi unapata pa kushikwa.

Neno moja lilitushinda. "Mwanaume suruali" linamtukana mwanamume asiyetunza mwanamke wake, na kwa kipimo changu lina kasoro zilezile, kwa kuwa linamtaka mwanamume awe pochi, na chini yake linamtaka mwanamke awe mtu wa kutunzwa. Baadhi ya madereva walisema ni tusi la haki kwa wavivu. Tulipiga kura mara mbili, zikalingana. Tulimwomba mama lishe atoe kura ya kuamua, na mara zote mbili alisema ana sufuria jikoni.