Linda mbavu za bodi yako kabla kafi haijazitafuna

Kama uko na bodi ya kupiga kafi ukiwa umesimama, ilaze chini kwanza, piga magoti kando yake, na upitishe kidole pole pole kwa ubavu kuanzia penye miguu yako inakaa kwenda mbele kama mita moja na nusu. Ukihisi mikwaruzo, vishimo vidogo kama vimetafunwa na panya, ama rangi imebanduka na unaona nyuzi za faibaglasi, usilaumu mawe ya ufuoni. Hiyo ni kafi yako.

Mimi nilijua hivyo nikiwa nimechelewa. Bodi nilinunua ikiwa imetumika, nikawa naifunga kwa keria ya gari kila nikipata wikendi nashuka nayo Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, narudi jioni nimechoka naiegemeza kwa ukuta na kwisha, mbavu sikuwahi kuziangalia hata siku moja. Sasa siku naiosha hapa South B nikabonyeza ubavu wa kushoto na kidole gumba, tone la maji ya kahawia likatoka, halafu lingine. Niliumia sana, juu hiyo bodi ni pesa nilikuwa nimeweka pole pole karibu mwaka mzima.

Ndani ya bodi ngumu kuna povu la EPS, lile jeupe linakuja kwa boksi la TV mpya. Juu yake kuna faibaglasi na epoksi, ile rizini inaganda ngumu, na hilo ganda ni nyembamba kuliko venye watu wanadhani. Ukingo wa kafi nao ni mwembamba na mgumu, hasa ile ya kaboni, kwa hivyo kila ikigonga nguvu yote inaishia kwa alama moja ndogo, na inagonga hapo hapo tena na tena juu wewe unasimama mahali pamoja. Halafu kuna upepo. Naivasha asubuhi ziwa linatulia, mchana upepo unaamka, na ukikupiga kutoka ubavuni lazima upige kafi upande mmoja mfululizo ndio bodi isigeuke. Ndio maana wangu wa kushoto ulikuwa umeisha na wa kulia una mikwaruzo tu. (Hiyo ni sababu nyingine ya kutoka mapema, na kabla uingie uliza watu wa boti viboko wamelala upande gani siku hiyo.)

Dawa ni kubandika filamu, ile plastiki nyembamba ya kunata, mbavuni, na ibandike kabla bodi iguse maji mara ya kwanza kama unaweza. Zile za bodi zenyewe ni shida kupata Nairobi, lakini hakuna haja ya kuagiza ng'ambo. Mafundi wa kubandika filamu za kulinda rangi ya magari wanatumia kitu karibu sawa kabisa, poliurethani laini ya unene wa kama milimita 0.2, na kila wakimaliza gari wanabaki na vipande virefu hawana kazi navyo. Mimi nilishuka upande wa Kirinyaga Road nikaulizia mpaka nikapata kijana mmoja mwenye vipande, akaniambia, "Madam, hii ni ya gari, si ya mtumbwi." Nilimwambia bei tu. Chunga usiuziwe tinti ya vioo ama vainili ya stika, hizo ni nyembamba na kafi inazipasua siku ya kwanza. Jaribu kwa vidole: ile yenyewe ni nene, inavutika kama mpira halafu inarudi. Na tafadhali selotepu ya kufunga maboksi usiiweke kabisa, ikipigwa na jua inaacha gundi utaikwangua mpaka ulie.

Unahitaji vipande viwili, kila kimoja upana sentimita 6 hadi 8 na urefu 150 hadi 180. Usikisie penye vinaanzia. Simama juu ya bodi hapo kwa nyasi ukiwa na kafi, jifanye unapiga, na mtu akuwekee alama na penseli penye inagusa. Utashangaa ni mbele kuliko ulivyodhani.

Kusafisha ndio kazi yenyewe, kubandika ni dakika chache. Osha na sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, halafu futa na alkoholi ya isopropili kutoka kemisti. Ile spriti ya kawaida ya kidonda wakati mwingine imetiwa mafuta ya nyonyo na yakibaki hapo filamu haishiki. Kama kuna shimo, liache likauke siku kadhaa, piga msasa, jaza na epoksi ya pakiti mbili za kuchanganya, ngoja igande vizuri. Na hapa nakuomba usikie: ukienda kununua rizini penye wanauza ya kutengeneza mwili wa matatu na matangi utapewa ya poliesta, na hiyo ikigusa povu la EPS inaliyeyusha, unabaki na pango ndani ya ubavu. Sema epoksi, na usome kopo kabla ulipe.

Fanyia kivulini. Kata pembe za filamu ziwe mviringo, juu pembe kali ndio huanza kuinuka. Nyunyiza ubavu na upande wa gundi kwa maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto ndio iteleze uipange, halafu sukuma maji nje kutoka katikati na kadi ya benki ya zamani umeifunga kitambaa. Usiivute kwa nguvu, ikivutwa sana itarudi na kubanduka. Penye ubavu umejipinda pasha joto kidogo na draya ya nywele ukiisogeza bila kusimama. Fundi wa magari akikuambia akufanyie na ile mashine yake ya kupuliza moto, kataa kwa heshima, juu povu linaanza kulegea karibu na nyuzi 100 na hiyo mashine inapita hapo mbali. Kipovu kikibaki, kidunge na sindano ukisukume. Iache siku nzima kabla ya maji, mbili kama ni Julai na baridi.

Kafi nayo ivalishe. Tepu ya umeme raundi mbili kwa ukingo inatosha, na ikichakaa unabadilisha kwa pesa kidogo sana. Kama bodi yako ni ya kujaza upepo hii ndio njia yako, juu filamu kwa plastiki ya PVC inayokunjwa kila wikendi haikai.

Lakini filamu haitakuokoa kama unapiga vibaya. Ingiza kafi mbele kama upana wa kiganja kutoka kwa ubavu, itoe ikifika miguuni, usiiburute mpaka nyuma. Ukiwa umepiga magoti shika chini zaidi, juu watu wengi wanagonga wakianza kusimama, kafi bado wameishika juu sana. Na ukichoka, pumzika, kwa sababu mkono uliochoka unaangusha kafi juu ya bodi badala ya majini, na unaisikia kabisa, tak, tak, tak.

Ukirudi nyumbani suuza, kausha, kagua pembe. Ukiona filamu imekatwa mpaka chini ama maji yameingia ndani yake, itoe: ipashe joto na draya, anza kona moja, ivute pole pole ikiwa imelala karibu na ubavu, usiivute ikisimama wima juu inaweza kung'oa rangi. Gundi ikibaki, alkoholi ile ile inaitoa. Yangu ya kwanza bado iko upande wa kulia, ya kushoto nimebadilisha mara moja, na chini yake ganda lilikuwa halina hata alama.