Sarafu ya shaba imetoka shambani: anza hivi kuitambua

Mimi ni fundi saa hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Kwa kuwa lenzi na mizani ndogo haviondoki mezani kwangu, watu huniletea na sarafu: moja imetoka kwenye msingi wa nyumba Kibosho, nyingine imefukuliwa kihambani Old Moshi, nyingine ilikuwa kwenye kopo la marehemu babu.

Ombi langu la kwanza: msizisugue. Ndimu, majivu na brashi ya waya vinang'oa ngozi ya juu, na maandishi yaliyosalia yamo kwenye ngozi hiyo. Ukijani mgumu, uliokolea, hauna madhara; uacheni. Unaotisha ni unga wa kijani mpauko unaodondoka ukiugusa. Huo unaila shaba, na unyevu unauchochea, kwa hiyo sarafu ya namna hiyo itengwe, ikae pakavu. Udongo ulioganda loweka kwa maji ya kuongezea betri (yale safi, si asidi!), kisha uondoe taratibu kwa kijiti cha mbao.

Sasa shika sumaku. Shaba haivutwi; ikinasa, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi. Halafu pima. Heller 1 (heller ni sarafu ndogo za enzi za utawala wa Mjerumani) ina upana wa milimita 20 na uzito wa gramu 4 hivi. Ile ya heller 5 ya 1908 na 1909 ni pande kubwa la shaba, milimita 37, gramu 20.

Kusoma kunataka subira. Zima taa ya juu, laza tochi ya simu ubavuni mwa sarafu, karibu iguse meza, kisha izungushe sarafu polepole. Herufi zilizolika zitatoa kivuli. Nimeona mwaka mzima ukijitokeza kwenye sarafu ambayo mwenyewe alidhani ni kipande cha bati.

Ukiona tai na maneno Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na Kiarabu upande wa pili, hiyo ni pesa (hapa ni jina la sarafu) ya kampuni ya Wajerumani. Miaka yake ni ya Hijria, 1307 hadi 1309, yaani 1890 hadi 1892, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Jifunze tarakimu za Kiarabu; ni kumi tu, na zitakufaa kwa Zanzibar pia. Pesa ya Sultani Barghash ina mizani upande mmoja na mwaka 1299, ambao ni 1882. Usiichanganye na ya Kampuni ya Uhindi Mashariki, nayo ina mizani, ila mgongoni ina nembo iliyoshikwa na simba wawili.

Taji na maneno Deutsch Ostafrika ni heller, zilizoanza 1904. Usiishie kwenye mwaka, tafuta kiherufi cha mji ilikopigwa sarafu: A ni Berlin, J ni Hamburg. T ni Tabora, 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sarafu za Ulaya zilipokuwa hazifiki tena. Heller 20 za Tabora zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na zilipigwa harakaharaka, kwa hiyo usiseme ni bandia kwa sababu tu umbo limekaa vibaya. Bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huonyesha vipovu usoni na mstari wa kuungia ukingoni.

Zenye tundu na pembe za ndovu ni senti za Mwingereza. Hizo ni nyingi.

Nayoisubiri kwa hamu ni ya Kilwa, mji wa kale wa masultani pwani ya kusini: ndogo, Kiarabu pande zote mbili, haina tarehe wala jina la mji. Hutambuliwa kwa jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan au al-Hasan bin Sulaiman. Ya huyu wa pili ilipatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, na mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, Australia. Ukiipata usiiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Katoe taarifa kwenye makumbusho ya Boma la Mjerumani, Arusha.

Yoyote uliyopata, itie kwenye bahasha ya karatasi, si plastiki laini. Juu yake andika kijiji, shamba, kina cha shimo na vitu vilivyokuwa jirani nayo, siku hiyohiyo.