Mikate ya Nyama na Kabichi ya Wajerumani wa Volga, kwenye Sigiri

Adui wa mkate huu ni maji ya kabichi. Ukiyashinda hayo, mengine ni kazi unayoijua tayari kama umewahi kukanda maandazi.

Ni mkate laini wa hamira uliofumbatwa juu ya nyama ya kusaga, kabichi na kitunguu, kisha ukaokwa. Waliousambaza ni Wajerumani walioitikia wito wa malkia Catherine wa Urusi mwaka 1763 wakaenda kulima kando ya mto Volga. Kuanzia miaka ya 1870 wengi wao walihamia Marekani. Wa Kansas huuita bierock na kuufinyanga wa mviringo. Wa Nebraska huuita runza na kuufanya mrefu. Mimi nafanya wa mviringo, maana hata mtoto anaweza kunisaidia. Hapa Busia nauuza asubuhi kando ya chapati na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), na madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda huupenda kwa kuwa hauwachuruzii mafuta kwenye usukani.

Anza na unga. Weka siagi vijiko vitatu vikubwa kwenye robo lita ya maziwa, pasha mpaka iyeyuke, kisha acha yapoe yawe vuguvugu. Chovya kidole: yakikuunguza, yataua hamira. Kwenye beseni changanya unga wa ngano nusu kilo, hamira kavu vijiko viwili vya chai, sukari vijiko viwili vikubwa na chumvi kijiko kimoja cha chai. Mimina maziwa na yai moja, ukande dakika kumi mpaka unga uache kushika mikono. Funika, uache uumuke hadi uwe mara mbili ya ukubwa wake. Vitabu husema saa moja, lakini kwa joto la huku angalia unga wenyewe, usiangalie saa.

Sasa nyama. Bucha wakikusagia nusu kilo yenye mafuta kidogo, vizuri. Wasipokuwa na mashine, waambie wakukatie steki na uichanje mwenyewe kwa kisu mpaka iwe chembechembe. Ikaange kwenye sufuria pana bila mafuta, ukiivunjavunja, hadi maji yake yakauke. Mafuta yakizidi yamwage. Tia vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwakatwa, vikilainika uongeze kabichi iliyokatwa nyembamba sana, nusu ya kichwa cha wastani. Usiogope wingi wake, itanywea. Funika dakika chache inyauke, halafu funua, ongeza moto na ugeuze bila kuondoka. Kujua imekauka, inamisha sufuria: maji yakikimbilia upande mmoja, bado. Watu wengi huchoka hapa wakaepua mapema, na mkate wao hutoboka chini.

Viungo ni chumvi na pilipili manga, hii ya pili bila ubahili. Basi. Shemeji yangu, fundi wa sambusa za futari, kila mara hunisihi nitie binzari na dania. Namwambia, "Shemeji, hizo peleka kwenye sambusa zako." Utamu wa kabichi iliyokauka kwenye nyama ndio ladha yenyewe, na binzari huufunika.

Mchanganyiko upoe kabisa kabla haujagusa unga. Ukiwa wa moto, unga hulegea na mshono hufunguka.

Gawa unga madonge kumi. Sukuma kila moja liwe kama kisahani, kingo nyembamba kuliko katikati, kwa sababu kingo zote zitakutana sehemu moja. Weka vijiko vitatu vya nyama, kusanya kingo juu kama unafunga mfuko, zifinye kwa nguvu, kisha geuza mshono uwe chini. Kingo zikipata mafuta hazishikani, kwa hiyo futa vidole kila mara. Pumzisha dakika kumi na tano.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 180, dakika ishirini hadi ishirini na tano. Sisi wa sigiri tunachukua sufuria nzito, tunapanga vijiwe chini, tunaifunika na kuipasha kwanza. Trei yenye mikate iliyopakwa mafuta chini inakaa juu ya vijiwe. Kwenye sigiri bakiza makaa machache tu, mengi yaende juu ya mfuniko, maana moto wa chini ukizidi utapata mikate myeusi chini na mibichi juu. Usifunue kabla ya robo saa. Ikiwa ya kahawia na ukigonga chini inalia kama iko tupu ndani, epua, upake siagi ingali moto.

Huliwa vizuri na haradali, au kachumbari yenye ndimu. Ya kesho ipashe kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, moto mdogo. Kama una friza, gandisha iliyokwishaokwa na kupoa. Mibichi ikigandishwa hutoa maji ya kabichi upya, na utaanza vita tena.