Kuchagua bastola ndogo ya kubeba kila siku: mwongozo kwa mwenye leseni wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu nimemwandikia sonara wa Mji Mkongwe, mwenye duka la kubadilisha fedha Darajani, au mfanyabiashara wa Chake Chake anayefunga duka jioni akiwa na mauzo ya siku nzima mkobani, na ambaye tayari amekwenda polisi, amechunguzwa na amepewa ruhusa ya kumiliki silaha. Asiye na ruhusa hiyo hana cha kuchagua, na haya yafuatayo hayamhusu. Leseni hutolewa na Jeshi la Polisi, ambalo ni chombo cha Muungano. Kabla hujaitazama bastola yoyote rudi kwenye ofisi iliyokupa ruhusa, uulize kwa maandishi ni silaha ya aina gani unaruhusiwa, ya kaliba ipi (yaani kipimo cha risasi yake), risasi ngapi, na kwa masharti gani unaweza kutoka nayo nje ya nyumba. Uliza pia habari ya kuvuka bahari, kwa sababu anayesafiri kwa boti kutoka bandari ya Malindi ya Unguja kwenda Mkoani au Dar es Salaam hapaswi kugundua utaratibu wa bandari akiwa tayari amesimama kwenye foleni ya ukaguzi.

Baada ya hapo anza na risasi, kisha ndipo utafute bastola. Wengi hufanya kinyume, wakavutiwa na umbo zuri, halafu wakakuta risasi zake hazipatikani au ni ghali kiasi kwamba hawafanyi mazoezi. Kaliba ninayoipendekeza bila kusita ni 9 kwa 19 (kipenyo cha risasi milimita 9, urefu wa ganda milimita 19), inayojulikana kama Parabellum, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo leo hutumiwa na polisi na majeshi ya nchi nyingi kuliko kaliba nyingine yoyote ya bastola. Kwa kuwa inatengenezwa kwa wingi, ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo yenye bei nafuu. Hapa pana mtego mmoja ambao lazima niutaje: bastola za zamani za Kisovieti aina ya Makarov nazo huitwa za milimita 9, lakini risasi yake ni ya 9 kwa 18, na risasi hizo mbili hazibadilishani hata kidogo. Kuna pia ya 9 kwa 17, fupi zaidi. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na yale yaliyo kwenye kitako cha ganda, na usitosheke na neno la muuzaji kwamba "zote ni tisa".

Suala la ukubwa ndilo linalowapotosha watu zaidi ya yote. Mtu akisikia bastola ya kubeba kila siku, hukimbilia iliyo ndogo kabisa, inayoingia mfukoni kama simu. Nawasihi wasomaji wangu wasifanye haraka hiyo. Bastola inapopungua uzito huku risasi ikibaki ileile, msukumo wa nyuma huongezeka mkononi, mpini wa kushikia hautoshi vidole vyote vitatu, na umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma hupungua, hivyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Isitoshe, bastola fupi sana huwa na springi ngumu, na slaidi yake, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapopigwa, husafiri masafa mafupi kabla ya kurudi na risasi nyingine, kwa hiyo huvumilia kidogo uchafu, risasi dhaifu au mshiko legevu. Mtu mwenye mikono isiyo na nguvu, kwa mfano mama wa makamo anayeendesha duka lake mwenyewe, huweza kushindwa hata kuvuta slaidi ya bastola ambayo muuzaji alimwambia kuwa ni "ya kike" kwa sababu tu ni ndogo.

Kwa hiyo mimi hupenda bastola ya ukubwa wa kati kwa kushuka, yenye mtutu wa kati ya milimita 80 na 102. Kipimo ninachokitumia ni Glock 19, iliyotoka mwaka 1988: mtutu wake ni milimita 102, magazini yake, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, huchukua risasi 15, na ikijazwa huwa na uzito wa karibu gramu 850. Anayeiona nzito anaweza kushuka hadi Glock 26, yenye mtutu wa milimita 87 na risasi 10, ambayo ina faida kubwa ya kukubali pia magazini ndefu ya Glock 19. Anayetaka nyembamba zaidi atazame SIG P365, iliyoingia sokoni mwaka 2018 na kuwashangaza wengi kwa kuingiza risasi 10 katika mwili mdogo vile, au Smith & Wesson Shield ya mwaka 2012, yenye risasi 7 au 8.

Kuhusu bei, ninachoweza kukupa kwa uhakika ni uwiano, maana bei za huku hubadilika kwa usafiri, kodi na muuzaji. Katika maduka ya Marekani, ambako ushindani ni mkubwa, Glock 19 mpya imekuwa ikiuzwa kati ya dola 500 na 600, na Taurus G2C au G3C za Brazili, ambazo magazini yake huchukua risasi 12, huuzwa kwa takriban nusu ya hiyo. CZ ya Jamhuri ya Cheki, hasa P-10 C, na Canik ya Uturuki hukaa katikati, na mimi binafsi naziheshimu sana zote mbili. Ukiletewa bei ambayo Taurus inalingana na Glock, jua kuwa unalipishwa kupita kiasi. Ukiletewa Taurus ya zamani aina ya PT-111 Millennium, ile ya kabla ya G2, ikatae: ilikuwa miongoni mwa bastola zilizohusishwa na kesi iliyofunguliwa Marekani kwa madai ya kufyatuka zikianguka. Hata kampuni zenye jina kubwa hazikusalimika na suala hili, kwani mwaka 2017 SIG iliwaalika wenye P320 waipeleke kiwandani ili mfumo wake wa kifyatulio uboreshwe. Hiyo P320 ni bastola nyingine, si P365 niliyoitaja juu. Basi muulize muuzaji waziwazi: bastola hii ikianguka sakafuni ikiwa na risasi kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu tayari kupigwa, kitu gani hasa kinazuia pini isiigonge? Asiyeweza kukujibu hafai kukuuzia silaha.

Gharama ya bastola haiishii kwenye bastola. Nashauri theluthi moja ya fedha uliyokusudia uitenge kabla hata hujaingia dukani, kwa ajili ya magazini mbili za ziada, mfuko wa kuivalia, sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi za kujaribia. Mwenye fedha chache ni heri anunue Taurus na kuipiga risasi 200 kuliko kununua bastola ya fahari asiyowahi kuisikia ikilia.

Risasi 200 hizo sikuzitaja kwa kubahatisha. Bastola ya kujihami haiaminiwi kwa jina la kiwanda. Huaminiwa kwa kuonekana. Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, pamoja na mkufunzi, ukiwa umevaa kinga ya macho na masikio. Andika namba kwenye kila magazini, kisha piga, ukihesabu kila inapokwama na magazini ipi ilikuwa ndani. Mara nyingi utagundua kwamba kosa si la bastola bali ni la magazini namba 2, ambayo springi yake imelegea au mdomo wake umepinda. Risasi 50 za mwisho ziwe za aina ileile utakayoibeba kila siku, kwa sababu risasi zenye ncha iliyo wazi zina umbo tofauti na zinaweza kukwama mahali ambapo zile zenye ncha ya mviringo hupita bila tatizo. Piga nyingine kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono wa kushoto. Ikikwama kwa risasi za kubebea hata mara mbili, na umeshabadilisha magazini na kurekebisha mshiko, irudishe au uipeleke kwa fundi mwenye kibali. Usijiambie kuwa itazoea.

Kwa anayenunua iliyotumika, kwanza hakikisha mwenyewe, kwa jicho na kwa kidole, kuwa magazini imetolewa na chemba iko tupu. Kisha mulika mtutu kwa tochi utafute vishimo vya kutu, na linganisha namba iliyochongwa na ile iliyo kwenye karatasi za muuzaji. Namba ikiwa imekwaruzwa, ondoka hapo hapo na utoe taarifa polisi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo miongozo ya ng'ambo hulipitia kwa sentensi moja, nalo kwetu visiwani ndilo huamua umri wa silaha: chumvi. Hewa yetu ni ya bahari pande zote, na katika masika unyevu huingia hadi ndani ya kabati la nguo. Niliwahi kuletewa bastola na mzee mmoja wa kaskazini ya Pemba, aliyeinunua miaka mitatu kabla, hakuwahi kuipiga, na aliihifadhi kwa mapenzi makubwa ndani ya mfuko wa ngozi, akiipaka mafuta ya nazi kila Ramadhani ilipokaribia. Ngozi ilikuwa imefyonza unyevu na kuubana kwenye chuma, madoa mekundu yalikuwa yameota chini ya slaidi, na mafuta yalikuwa yamechacha na kunata ndani ya njia ya pini. Nilipoijaribu, pini ilisogea polepole kama mlango wa zamani. Alinitazama kwa masikitiko ambayo sijayasahau, maana alikuwa ameyafanya yote kwa kudhani kuwa anaitunza.

Kwa hiyo chagua mwili wa plastiki ngumu, wa aina iliyoenea tangu jeshi la Austria lilipoichukua Glock 17 mwaka 1982, na slaidi ambayo chuma chake kimegumishwa kiwandani kwa naitrojeni (naitraidi) badala ya iliyopakwa rangi au kutiwa weusi wa kizamani. Hata chuma kisichoshika kutu hushika, ila huchelewa. Ihifadhi nje ya ngozi, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Futa jasho kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta ya silaha, na kila mwezi ifungue, uisafishe na utie tone moja moja kwenye reli ambazo slaidi hupita juu yake. Yakikosekana mafuta ya silaha, oili ya injini ya sintetiki inafaa kwenye reli kuliko mafuta ya cherehani, ambayo ni mepesi na hukauka upesi. Usipulizie dawa ya kulegeza kutu karibu na risasi, kwani huweza kupenya na kuharibu fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda.

Mfuko wa kuivalia uwe wa plastiki ngumu iliyoumbwa kwa bastola hiyohiyo, unaofunika kifyatulio chote na kubaki wazi mdomo hata ukiwa mtupu, nao ushikwe na mkanda mnene. Usiweke bastola isiyovikwa mfuko wake ndani ya mfuko wa kanzu pamoja na funguo. Kusema kweli kanzu si vazi la kubebea silaha: haina mkanda wa nje, na kinachokaa kiunoni chini yake hakifikiki kwa haraka. Shati pana lisilochomekwa hufaa zaidi. Na msikitini usiende nayo kabisa, kwani katika rukuu na sijida nguo hupanda, silaha hujitokeza au huchomoka, na hofu utakayoitia katika safu haina kisingizio. Iache imefungwa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa skrubu ukutani dukani au nyumbani, na usiiache ndani ya gari wala kwenye mkoba karibu na viatu.

Sanduku hilo lifunguke kwa namba unayoijua wewe na mtu mzima mmoja tu, risasi zikae mahali tofauti usiku ambao hukusudii kuibeba, na ufunguo wa akiba usitundikwe pale ambapo mtoto anayecheza foliti uani anaweza kuufikia kwa kupanda kiti.