Kina cha Maji Ndicho Dozi: Tredimili ya Majini kwa Mbwa Aliyepasuliwa Goti

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari anajua kumwingiza mbwa kwenye tenki la tredimili ya majini, yaani mkanda unaosogea ndani ya maji ili mbwa atembee juu yake, kumtoa salama na kumkausha, na sasa anataka kupanga matibabu mwenyewe. Nitamfuata mgonjwa mmoja ambaye kliniki za hapa Uingereza zinampokea kila mara: mbwa aliyekatika ligamenti ya mbele ya goti, ileile inayowaweka wachezaji mpira nje msimu mzima, akafanyiwa upasuaji wa TPLO. Katika upasuaji huo daktari hukata sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, akaizungusha, kisha akaifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Tuseme ni Labrador wa kilo 32.

Wengi wakisimama mbele ya tredimili hukimbilia kitufe cha kasi na saa ya dakika. Mimi naanza na kina cha maji, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua goti litabeba nini na litakunjwa kiasi gani. Kujaza tenki mpaka alama ileile kwa kila mbwa, eti kwa sababu ndipo yalipokuwa jana, ni kumwogesha mbwa tu.

Hatua ya 1: Pata idhini, kisha mchunguze mwenyewe

Hapa mbwa haingii majini bila idhini ya daktari wa mifugo anayemtibu, na vyama vya taaluma kama NARCH na Canine Hydrotherapy Association vinalisimamia hilo. Barua ya daktari ikueleze amepasuliwa lini, kwa njia gani, anatumia dawa gani, na kama ana tatizo la moyo au mapafu.

Halafu tazama kidonda. Nyuzi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, lakini usihesabu siku peke yake: ngozi iwe imefunga kabisa, haitoi majimaji, haina wekundu. Mbwa mwenye homa, kuhara, kutapika au kidonda kilicho wazi arudi nyumbani. Wenye pua fupi, kama bulldog na pug, wanahitaji jicho la karibu, maana joto na unyevu wa chumba huwabana pumzi upesi.

Hatua ya 2: Pima akiwa mkavu

Mtembeze sakafuni, uende na urudi, umtazame kwa nyuma na kwa ubavu. Mlaze ubavu, zungushia tepu ya fundi cherehani kwenye paja la mguu uliopasuliwa, kisha kwenye lile lingine. Chagua sehemu moja ya paja na usiibadilishe wiki zote. Afadhali apime mtu yuleyule kila mara, kwa sababu mikono ya watu wawili hukaza tepu tofauti. Hesabu pumzi kwa dakika moja akiwa ametulia, tazama rangi ya ufizi, andika.

Hatua ya 3: Hakikisha maji yako sawa

Joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi linawafaa wengi. Mbwa mnene au mwenye manyoya mazito mweke upande wa chini. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6, kwani ikipanda, klorini inayoua vijidudu hupoteza nguvu hata kama umetia nyingi. Msugue mbwa kwa maji safi kabla hajaingia. Akijisaidia ndani ya tenki, simamisha, mtoe, mwaga maji yote na usafishe kwa dawa. Hapa hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 4: Chagua kina

Mwaka 2010 watafiti wakiwemo David Levine na Darryl Millis walipima uzito ambao miguu ya mbwa inabeba ndani ya maji. Maji yakifika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, miguu hubeba asilimia 91 ya uzito wa kawaida. Yakifika kwenye goti, asilimia 85. Yakifika kwenye nyonga, asilimia 38.

Kwa Labrador wetu hizo ni kilo 29 hivi, kilo 27, halafu ghafla kilo 12. Kutoka kifundoni hadi gotini umempunguzia kilo mbili tu, lakini kutoka gotini hadi nyongani umemwondolea kilo 15. Kwa hiyo anayeweka maji ya goti akisema anampumzisha mbwa, bado hajampumzisha.

Katika vipindi vya mwanzo, mguu ukiwa bado unauma na mbwa anaugusisha kwa ncha tu, mimi hujaza mpaka karibu na nyonga. Uzito unapungua, na mbwa anathubutu kukanyaga. Ila usizidishe. Ukiona makalio yanaelea na miguu ya mbele ndiyo inayovuta mwili, punguza maji sentimita chache na utazame tena.

Mguu ukianza kukanyaga kwa uhakika, ninashusha taratibu mpaka usawa wa goti. Uzito unarudi kwenye misuli, na maji yanalikinza paja linapokuja mbele. Kiungo kilichozama hukunjwa zaidi kuliko nchi kavu, na goti gumu linahitaji hivyo. Baadaye kabisa, maji ya kifundoni humfanya ainue wayo juu ya maji kila hatua; hayo ni mazoezi mazito, usiyaharakishe. Wanaouliza kwa nini nisimwogeleshe tu: mbwa anayeogelea hukunja sana miguu ya nyuma lakini hainyooshi nyonga kama anayetembea, na huyu tunataka atembee.

Hatua ya 5: Washa mkanda

Mvalishe mikanda ya kifuani yenye kishikio mgongoni. Jaza maji polepole akiwa amesimama, umshike, uongee naye. Anza chini kabisa, karibu kilomita 1 kwa saa, kisha ongeza mpaka upate mwendo unaomruhusu kuweka kila mguu chini. Kwa Labrador mara nyingi ni kati ya 1.5 na 2.5. Kipindi cha kwanza kinatosha kwa vipande vya dakika mbili mbili, na pumziko kati yake, vitatu hivi. Mbwa wa aina hii wamekaa ndani wiki kadhaa bila kazi. Moyo unataka kukimbia, mfupa bado haujaunga.

Hatua ya 6: Soma miguu

Kaa usawa wa kioo, macho yako yakiwa chini ya usawa wa maji. Mwendo mzuri una mpangilio: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Miguu ya upande mmoja ikienda pamoja, kama ngamia anavyotembea, basi kasi haimfai au amechoka. Badilisha kasi kidogo kwanza, na asiporekebika mpumzishe.

Tazama na haya: nyonga ya upande mbovu kuinuka kila anapokanyaga, kucha kuburuta kwenye mkanda, utazisikia kabla hujaziona, wayo kutafuta ukingo mgumu wa pembeni ili upande huo upumzike, makalio kuegemea kioo. Ulimi ukitoka mrefu na kupanuka nchani, joto limemzidi. Dalili moja ya uchovu ikitokea mara mbili mfululizo, zima mkanda hata kama saa inasema bado dakika tatu. Mwenye mbwa akisema "lakini anataka kuendelea", mweleze kwa upole kwamba Labrador hutaka kuendelea hata akiwa anaumia.

Mbwa wa matatizo ya uti wa mgongo, kama dachshund aliyepasuka diski (mto laini kati ya pingili za uti wa mgongo), ni kazi nyingine: unaingia naye majini, unashika miguu ya nyuma na kuiweka chini mmoja mmoja, wayo ukitazama chini, kwa kasi ndogo mno. Mgongo wako utauma, pokezaneni.

Hatua ya 7: Toa maji, kausha

Simamisha mkanda kwanza. Maji yanaposhuka, uzito wote unarudi kwenye goti lililochoka, kwa hiyo shika kishikio mpaka yaishe. Kausha masikio, katikati ya vidole na juu ya kovu. Hesabu pumzi tena. Asiondoke mpaka zikaribie zile za mwanzo.

Hatua ya 8: Ongeza kimoja tu

Kesho yake mpigie mwenye mbwa, umuulize ameamkaje asubuhi na kama anachechemea kuliko jana. Akiwa amezidi, kipindi kijacho punguza muda. Akiwa sawa, badilisha kitu kimoja: ama dakika, ama kasi, ama kina. Ukibadilisha vitatu pamoja na mguu ukavimba, hutajua kilichouumiza. Andika kina kwa kiungo cha mbwa, si kwa sentimita za tenki, ili mwenzako akimpokea aelewe.

Picha ya eksirei ya wiki ya 6 hadi 8 ndiyo itakayoonyesha kama mfupa umeunga. Mpaka daktari aithibitishe, hakuna kukimbia majini, na mwinuko wa mkanda ubaki sifuri.