Makasi ya thieta si ya kukata kila kitu

Kama unaanza atachmenti thieta, yaani chumba cha upasuaji, hapa Kisumu soma hii mapema, juu daktari akishanyoosha mkono hakuna mtu atakuwa na taimu ya kukufundisha.

Kisu kwanza. Mpini namba 3 unabeba bledi ndogo kama 10, 11 na 15, namba 4 ni wa zile kubwa za 20 kwenda juu. Bledi usiivalishe na vidole hata siku moja, ishike na fosepu (kile kikoleo cha kushikia) upande ule butu, ielekeze mbali na mwili, iteleze kwa mpini hadi isikike tik. Mimi nikiwa mwanafunzi nilijifanya mjuaji, glavu ikapasuka na kidole pia. Kumpa daktari, weka kwa bakuli lile la umbo la figo achukue mwenyewe.

Makasi sasa. Metzenbaum ile nyembamba ni ya nyama laini tu, ukiikatia uzi unaua makali na maneno utayasikia. Uzi kata na Mayo iliyonyooka, yale makasi mazito.

Nido hoda, chuma cha kushikia sindano ya kushonea, unaingiza kidole gumba na cha pete, cha shahada kinyooke juu ya chuma, sindano uishike theluthi mbili kutoka nchani, si mwishoni kwa uzi itapinda.

Mkimaliza, kabla jeraha lifungwe, hesabuni vifaa vyote mkiwa wawili kwa sauti hata kama mmechoka aje. Halafu usiloweke vyuma kwa salaini (maji ya chumvi), vinashika kutu. Fungua viungo, sugua kwenye meno ya fosepu damu inapojificha, kausha, ndio upeleke otoklevu, mashine ya kuua viini kwa mvuke, vikiwa wazi.